Gego la Chiriku

Watu wa mtaa ule walimwita kinyozi wao Tayari, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watoto. Mtoto akishakalishwa juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti, akafungwa shuka shingoni na kusikia mashine inaanza kunguruma, huwa na swali moja tu: bado? Na kinyozi alikuwa na jibu moja tu: tayari. Alilitoa akiwa amenyoa upande mmoja. Alilitoa tena akiwa kwenye kisogo. Aliweza kulitoa mara sita au saba kwa kichwa kimoja, kwa sauti ileile ya upole, na mtoto alipoteremshwa, kichwa kinang'aa na macho mekundu, alikuwa amejifunza jambo kuhusu watu wazima. Wazazi walicheka, maana kichwa kimenyolewa sawasawa na masikio yote mawili yapo.

Tusimsingizie, hakuwa mwongo wa hulka. Mteja mwenye upara alimwambia una upara. Mwenye mba alimwambia una mba, tena mbele za watu. Uongo wake ulikuwa wa kazini tu, kama poda na spiriti, wa kupakwa panapowasha. Ubaya ni kwamba siku moja aliuhamishia nyumbani.

Mkewe alikuwa amekwenda mji mwingine kufanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Walikubaliana mwaka mmoja. Mwaka ulipokaribia kwisha, asubuhi moja ya mvua, mke akampigia simu Tayari yuko kibandani kwake, mteja amekaa kitini na nusu ya nywele zake, akamwambia harudi. Amepata maisha mengine huko, na mtu mwingine. Hakumung'unya maneno. Kuhusu mtoto alisema mwambie wewe, wewe utajua namna ya kumwambia. Tayari akasema haya. Akaiweka simu rafuni kando ya vitana, akamaliza upande wa pili wa kichwa cha yule mteja, akampangusa shingo, akamshikia kioo cha nyuma ajione.

Jioni yake binti yake wa miaka saba alimuuliza mama anarudi lini. Binti huyu aliitwa Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa akiongea kutwa nzima bila kumeza mate. Tayari akajibu, mwezi ujao. Lilimtoka bila kufikiri. Mwezi ujao ulipofika akasema mwezi ujao, na uliofuata hivyohivyo, mpaka Chiriku akaacha kuuliza. Hakununa wala hakugombana na mtu. Alianza tu kuhakikisha. Baba akisema chai imepoa, anatia kidole. Akisema maji yamekwisha, anafunua ndoo. Akisema nje kunanyesha, anafungua dirisha na kutoa mkono. Na yale maneno yake ya kutwa nzima yakakauka.

Tayari aliyaona hayo yote na hayakumgusa. Hapo ndipo watu walipomwelewa vibaya, walidhani ana huzuni na anaificha. Dada yake mkubwa alikuja kumpa pole, akaketi saa nzima akisubiri ndugu yake alie ili amnyamazishe, akaondoka na kanga yake kavu. Hakuwa na huzuni yoyote. Alilala vizuri, alikula, alifungua kibanda saa mbili na kufunga saa kumi na mbili. Mikono ilinyoa na mdomo uliongea habari za mpira na wateja. Yeye mwenyewe hakuwepo, na hakujua alikokwenda, na hakujali kujitafuta.

Kisha gego la Chiriku likaoza. Lilikuwa la chini, upande wa kushoto, bado jino la utoto. Alikaa nalo kimya siku kadhaa, akitafunia upande mmoja, hadi asubuhi moja ya Ijumaa akaamka shavu limevimba na mwili una moto. Baba akafunga kibanda akampeleka zahanati, kwenye chumba cha meno.

Huko aibu ikamkuta. Daktari, mwanamume mfupi mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi nyuma ya kichwa, alimwomba mtoto afungue mdomo atazame tu. Tayari akainama sikioni mwa binti yake, akatoa ile sauti yake ya kazini, akasema fungua mwanangu, hakufanyi kitu. Chiriku akamtazama, akafunga midomo na kuiuma kwa ndani. Haikufunguliwa tena, si kwa bembelezo, si kwa peremende ya nesi. Daktari alipapasa shavu kwa nje, akaandika dawa za siku sita za kutuliza uvimbe, akasema warudi Alhamisi jino litolewe. Asipofungua mdomo siku hiyo, itabidi apelekwe hospitali kubwa akalazwe na kupewa dawa ya usingizi, na foleni ya huko ni ya wiki nyingi, na usaha hausubiri foleni.

Nesi wa chumba kile alimfuata Tayari ukumbini. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye viatu vya raba vilivyokanyagwa visigino, na alimtambua.

"Wewe ndiye Tayari," akasema. "Mwanangu wa mwisho amekuwa mtu mzima na bado anakulaumu. Sasa nisikilize, baba Chiriku. Hapa usituletee utayari wako. Mwambie kila kitu kabla ya Alhamisi. Kinachouma, mwambie kinauma. Ukimdanganya jambo moja dogo, hilo gego tutalisikia kwa wenzetu wa hospitali kubwa."

Tayari akaitikia kwa kichwa. Akaomba aelezwe hatua moja moja, kwa kuwa hakuwahi kung'olewa jino maishani, na nesi akamweleza, akiegemea ukuta na kuhesabu kwa vidole.

Jumamosi jioni, wateja walipokwisha, aliteremsha mlango wa kibanda nusu, akamketisha Chiriku kwenye kile kiti cha kunyolea. Hakuweka ubao, alimkalisha kama mtu mzima. Akavuta mpini, kiti kikalala nyuma. Akamfunga shuka, akageuza taa ya kioo imwelekee usoni. Akachukua mpini wa kitana akasema tuseme hiki ndicho kioo kidogo cha daktari, kitaingia kwanza, nacho hakiumi, kina baridi. Baba akasema baada ya hapo inakuja sindano ya ganzi, inachomwa kwenye ufizi. Akasita.

"Inauma," akasema.

Mtoto akageuza shingo kumtazama. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akamuuliza swali. "Kama nini?"

Tayari alifikiri. Angeweza kusema kama mbu, ndivyo watu wanavyosema. Akasema kama ile sindano uliyochomwa mkononi shuleni, ila mahali hapa ni pabaya zaidi. Itauma kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Chiriku akataka kujua amejuaje kama ni kumi, na sindano hajachomwa. Akasema nesi kaniambia. Basi kamuulize tena, mtoto akasema, akashuka kitini.

Na kweli alikwenda kumuuliza tena. Jumatatu mchana alimwacha mteja mmoja kwenye benchi na gazeti, akaenda zahanati kwa miguu, akamsubiri nesi amalize kufunga pamba, akamuuliza hiyo kumi ni kumi ya haraka au ya polepole. Nesi alimtazama kwa muda, akaona hatanii. Akasema ya polepole, na wengine hufika kumi na tano. Jioni Tayari akapeleka taarifa kama ilivyo. Chiriku akasema basi tuseme kumi na tano.

Siku zilizofuata walifanya mazoezi kila jioni. Alimwambia shavu litakuwa zito na utahisi mdomo umevimba, lakini ukitazama kiooni haujavimba. Alimwambia daktari ataishikilia sindano chini, karibu na goti, ili usiione, na utakapoona mkono wake haupo ujue ndiyo hiyo. Alimwambia kuna koleo. Jino litasukumwa huku na huku na halitauma, ila litatoa sauti ndani ya kichwa, kama kijiti kinachovunjwa, na sauti hiyo inatisha watu wakubwa. Damu itatoka. Utang'ata pamba nusu saa. Mimi nitasimama miguuni pako, si kichwani, maana kichwani pana nesi. Chiriku alisikiliza akiwa amelala chini ya shuka la kunyolea, macho kwenye dari, akiyapokea maneno hayo kwa uzito wa fundi anayepewa vipimo. Hakulia hata mara moja.

Shangazi mtu alipopata habari alikuja mbio. Alimkuta mtoto amelazwa na baba yake anaeleza habari za koleo, akashika kiuno. Alimketisha Chiriku mapajani akamwambia asimsikilize baba yake, haiumi hata chembe, ni kama kutekenywa. Chiriku akamshukuru kwa adabu zote. Shangazi alipotoka nje kupiga simu, mtoto akamwambia baba, kwa sauti ya chini, kwamba shangazi hajui.

Nje ya mlango dada alimkaripia ndugu yake. "Unamtia hofu mtoto bure. Na nakuona unakoelekea, mdogo wangu. Hilo la mama yake usije ukaligusa. Bado mdogo. Mwache akue, atajua mwenyewe."

Tayari akasema, haya, dada. Ndivyo alivyomwambia mkewe kwenye simu. Neno hilo lilikuwa halimgharimu kitu siku hizo.

Lakini kitu kilikuwa kimeharibika kwenye kazi yake. Jumatano asubuhi mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka mitatu, mtoto akauliza bado, na Tayari akafungua mdomo akasema bado. Mtoto akapiga yowe. Tayari akamwambia, bado upande huu wote, na nyuma, na pembeni mwa sikio. Yowe likawa mara mbili. Mama mtu akamuuliza anaumwa au ana nini. Alimaliza kichwa kile kwa tabu, na shuka lilijaa machozi na makamasi na nywele, na alipokuwa analikung'uta nje, hakuona cha kujitetea.

Na Chiriku alikuwa amerudiwa na maneno yake. Yalianza Jumanne, kidogo kidogo, kisha hayakuzuilika. Jino likishatoka linatupwa wapi? Daktari anaosha koleo kwa sabuni gani? Nesi naye ana meno yote? Kwa nini mtu mwenye ndevu akinyolewa haumii na akivutwa anaumia? Kila jibu alilopewa alilipokea bila kwenda kulihakikisha. Jumatano jioni baba alimwambia chai imepoa, akainywa moja kwa moja. Baba mwingine angeshukuru. Tayari alikaa pale mezani na kikombe chake akajua kwamba mtoto huyu anamsogelea, swali kwa swali, na anajua anakokwenda. Alitafuta ndani yake hofu au furaha, hakupata hata moja. Aliosha vikombe.

Alhamisi walifika mapema. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Chiriku alivaa sare yake ya shule, kwa kuwa alikuwa amekata shauri kwamba atapita darasani baadaye kuonyesha pengo. Alipanda kiti mwenyewe kabla ya kuambiwa. Kioo kidogo kiliingia, akakubali, akasema kina baridi kweli. Nesi akasimama kichwani, Tayari miguuni. Mkono wa daktari ukashuka karibu na goti.

"Najua unayo hapo chini," Chiriku akasema. "Baba ameniambia."

Daktari akacheka, akaiinua sindano akamwonyesha. Chiriku akaitazama ncha hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali, kisha akasema ngoja. Akajiinua kidogo kwa viwiko, akamtazama baba yake aliyesimama penye viatu vyake.

"Mama anarudi mwezi ujao?"

Nesi aliangalia trei yake. Tayari alikuwa na jibu lake la siku zote, limeshafika ncha ya ulimi, na alijua faida yake. Angesema ndiyo, mtoto angelala, jino lingetoka. Angesema hapana, Chiriku angeweza kushuka hapo akakimbia, na siku sita zote zingekwenda na maji, na usaha ungerudi.

"Hapana," akasema.

"Mwezi wa baada yake?"

"Hapana. Harudi, mwanangu. Anaishi kule sasa."

"Umejua lini?"

"Wakati wa mvua."

"Ulisema mwezi ujao."

"Nilikudanganya."

Daktari alikuwa bado ameinua sindano, hakujua aishushe au aendelee. Chiriku alimtazama baba yake kama alivyokuwa akitazama ndani ya ndoo baada ya kufunua kifuniko, hakuharakisha. Kisha akalala chini, akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafungua mdomo mpana hadi gego lile jeusi likaonekana.

Lililofuata lilikwenda kama lilivyoelezwa. Sindano iliuma mpaka kumi na mbili, Tayari alihesabu kimoyomoyo akiwa amemshika kifundo cha mguu juu ya soksi. Shavu likawa zito. Koleo likaja, likasukuma huku, likasukuma huku, sauti ya kijiti ikatoka na hata yeye akaisikia. Jino likaanguka kwenye bakuli la chuma. Damu ikatoka kiasi walichotarajia. Mtoto alikuwa ametulia kiasi kwamba daktari alimsifu mara mbili, na nesi, aliyekuwa akiikunja pamba, hakumtazama Tayari usoni.

Waliambiwa wakae ukumbini nusu saa pamba ishike. Waliketi kwenye benchi la mbao, kando ya mama mmoja aliyepakata mtoto mchanga akisubiri zamu ya kliniki. Kwa dakika chache Chiriku alining'iniza miguu akitazama viatu vya waliopita. Kisha akaanza kulia. Alilia mdomo umefungwa kwa sababu ya pamba, kwa puani, mabega yakipanda na kushuka. Nesi akachungulia mlangoni akamuuliza inauma? Akatikisa kichwa, haiumi. Nesi akamuuliza tena, kwa kidole kwenye shavu, hapa? Hapana. Nesi akasimama kidogo, akarudi ndani.

Tayari alikaa na mikono juu ya magoti. Ndipo kikamjia, bila taarifa, kitu ambacho hakuwa nacho tangu mvua zile. Kilimuuma. Alimtaka mkewe. Alimtaka aje akae kwenye benchi hili amwone mtoto huyu. Alikuwa na hasira naye pia, nyingi, na zote zilikuwa zimekaa mahali fulani zikimsubiri. Macho yakamjaa, akatazama juu kwenye bango la chanjo, akasoma tarehe zake zote.

Yule mama wa benchini alivumilia, kisha ikamshinda. Alimbembeleza Chiriku, pole mwanangu, litaota jingine, zuri zaidi ya hilo. Mtoto alizidi kulia. Mama akamgeukia Tayari kwa kumlaumu.

"Baba, mtoto analia hivi nawe umekaa kimya? Mwambie basi itapoa sasa hivi."

Tayari akajifuta uso kwa kiganja.

"Haitapoa sasa hivi," akasema.

Yule mama akamshangaa. Chiriku alikuwa amesikia. Akasogea kwenye benchi, akalaza shavu lake zito kwenye paja la baba yake, akashika suruali yake kwa ngumi, akaendelea kulia.